Somo la Lugha: Neno "Mlango" na Maana Zake

Wasomaji wetu, na hasa ninyi Majumbe mnaosikiliza mashauri, na ninyi Waalimu mnaofundisha watoto, leo twalitwaa neno moja ambalo hapana mtu asiyelitamka tangu kuamka hata kulala, nalo ni MLANGO. Labda mtu atacheka na kusema, "Mlango? Hata mtoto aaujua." Ni kweli aujua, lakini ni ule wa nyumba yao. Neno hilo hilo hutamkwa na nahodha, na karani wa baraza, na mkunga, na mwalimu wa elimu ya viumbe, kila mmoja akiwa na jambo lake moyoni. Na mtu asiyejua kupambanua aweza kupotewa na shamba lake, au hata uhai wake. Habari hizo mbili, ya shamba na ya uhai, tutazifikia. Kwanza tuanze nyumbani.

Mtu akienda kwa seremala akasema, "Nataka mlango wa mninga," seremala hushika kipimo na kwenda kutafuta mbao. Lakini mama akimwambia mwanawe, "Usisimame mlangoni, wazuia watu," hasemi habari ya ubao hata kidogo, asema habari ya ile nafasi wapitayo watu. Basi hapo nyumbani tu pana vitu viwili vyenye jina moja: uwazi wa kupitia, na kitu cha kuuzibia uwazi huo. Je, kipi kilichoanza kuitwa mlango?

Tukiwauliza jirani zetu tutapata jibu. Waganda husema omulyango kwa ule uwazi, na ubao wauziba huuita oluggi. Wanyarwanda husema umuryango kwa uwazi, na ubao ni urugi. Hata Wazulu walioko mbali huko Afrika ya Kusini husema umnyango kwa pa kupitia, na kizibo chake wakakiita isicabha. Maneno omulyango, umuryango, umnyango na mlango ni ndugu, mtu haitaji kuambiwa, masikio yenyewe yasikia. Nayo kwa hao jirani yote ni jina la uwazi. Sisi tulio katika Kiswahili ndio tuliochanganya, tukalitupia jina la uwazi juu ya ubao.

Tena iko dalili katika adabu zetu wenyewe. Mgeni afikapo penye nyumba hupiga hodi, naye hupiga hodi hata kama nyumba haina ubao, ina pazia tu, au jamvi, au haina kitu. Asiposikia "Karibu" hapiti. Wenye dini ya Kiislamu wamefundishwa kuomba ruhusa mara tatu, kisha kurudi wasipojibiwa. Hakuna aliyesema, "Hapa sipigi hodi kwa kuwa sikuona ubao." Mlango upo, maana uwazi upo, na mwenye nyumba yupo.

Nalitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo ufunguo wa mengine yote. Mwenye kushika kwamba mlango asili yake ni pa kupitia, wala si ubao, maana zote zijazo zitamnyokea. Mwenye kufikiri ubao atajikwaa.

Mafundi wa pwani, hata hivyo, wanastahili kutajwa kabla hatujatoka nyumbani. Fundi wa Unguja au wa Lamu asemapo mlango humaanisha kitu kizima: miimo miwili ya kando, kizingiti cha juu na cha chini, mbao mbili zifungukazo, na mfaa usimamao katikati pale mbao zikutanapo, pamoja na bawaba, komeo na tumbuu. Milango hiyo ya nakshi ni fahari ya Mji Mkongwe wa Unguja, ulioandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na ya mji wa Lamu ulioandikwa mwaka 2001. Zamani mlango ulitengenezwa na kusimamishwa mapema, nyumba ikajengwa kuufuata, kwa kuwa mgeni humpima mwenye nyumba kwa mlango wake kabla hajaona sebule. Waalimu, waulizeni wanafunzi wenu wa siku hizi maana ya mfaa au mwimo. Wengi watanyamaza, nayo ni hasara, kwa sababu maneno hayo hayana badala yake.

Kwa njia ya sarufi, neno hili likiondolewa m ya mbele huwa LANGO, maana yake mlango mkubwa: lango la boma, lango la mji. Wachezaji wa mpira nao walilichukua, wakaita lango pale mpira unapoingizwa, na mlinzi wake mlinda lango. Jambo la kustahi ni kwamba lango la mpira halina ubao hata mmoja wa kulifunga, ila nguzo mbili na mti wa juu, na mtu mwenye mikono mepesi. Na katika Nairobi, upande wa Mathare, kiko kitongoji kiitwacho Mlango Kubwa. Mwalimu wa sarufi akisikia jina hilo hushika kichwa, maana ilipasa kuwa Mlango Mkubwa. Lakini jina la mahali likisha kukaa midomoni mwa watu halisikii mwalimu.

Sasa tutoke tuelekee baharini. Mabaharia huita mlango ile njia nyembamba ya maji ipitayo kati ya nchi kavu mbili, na katika vitabu vya jiografia huandikwa mlango wa bahari. Mkubwa katika sisi watu wa upande huu ni ule utokao Bahari ya Sham kuja Bahari ya Hindi, kati ya Yemeni upande mmoja na Jibuti na Eritrea upande wa pili. Waarabu huuita Bab el Mandeb, yaani mlango wa maombolezo. Neno bab katika Kiarabu ni mlango (lisije likadhaniwa ni babu mzaa baba). Upana wake mahali pembamba haupiti sana kilomita 30, na kisiwa cha Perim kimekaa ndani yake. Tangu kufunguliwa kwa mfereji wa Suez mwaka 1869, shehena kubwa ya biashara ya Ulaya na Asia imepita mlangoni hapo. Basi tangu Novemba 2023, Wahuthi wa Yemeni walipoanza kuzishambulia meli, kampuni nyingi ziliacha njia hiyo, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema huko kusini, safari ikazidi siku nyingi na gharama ikapanda. Mlango haukuwa na ubao wala komeo, na bado ulifungika kwa wengi.

Mto nao una mlango, yaani pale uingiapo baharini, ingawa wengine husema mdomo. Rufiji hauna mmoja, una mingi, nayo hupita katikati ya mikoko. Mmoja wao ni Simba Uranga. Milango hiyo iliingia katika historia ya vita. Mwaka 1914 manowari ya Wadachi iitwayo Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Waingereza Pegasus bandarini Unguja mwezi wa Septemba, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza hawakuweza kuifuata kwa meli zao kubwa, kwa kuwa maji ni haba. Wakafanya nini? Novemba ya mwaka ule walileta meli kuukuu ya makaa, Newbridge, wakaizamisha makusudi katika mkondo mmoja ili kuziba mlango. Lakini milango ilikuwa mingi, na meli moja haizibi yote, ikawabidi kulinda nje miezi mingi. Hata Julai 1915 ndipo zilipoletwa Severn na Mersey, manowari zisizokwenda chini sana majini, zikapanda mtoni, na tarehe 11 Julai Königsberg ikaangamizwa. Mzee wa Rufiji angaliulizwa mapema angalisema kwamba nyumba yenye milango mingi haifungwi kwa komeo moja.

Sasa tumefika katika habari ya shamba.

Katika Waswahili, na katika jamaa zao wa pwani, mlango ni jina la tawi la ukoo. Mtu husema, "Sisi na fulani ni wa mlango mmoja," maana yake tumetoka kwa mzee mmoja. Wadigo husema mryango, nao kwao ni pa kupitia nyumbani na pia ni tawi la ukoo. Katika Kinyarwanda na Kirundi umuryango huandikwa vile vile kwa pa kupitia na kwa jamaa, hata Umoja wa Mataifa huitwa Umuryango w'Abibumbye, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, nayo ni umuryango. Si ajabu. Waliotoka katika nyumba moja walitoka kwa mlango mmoja, na wajukuu wao, ijapokuwa wamejenga nyumba mia, bado wauhesabu mlango ule wa kwanza.

Taabu ni hii, kwamba "mlango mmoja" husemwa pia kwa watu waliokaa nyumba moja tu. Na tuweke mfano. Mzee amekufa, hakuacha mke wala mtoto, ameacha shamba la minazi. Kijana aliyelelewa naye tangu utotoni aja barazani kudai, na wa pili ni mtu wa kijiji cha mbali ambaye hakuonekana hata siku ya maziko. Shahidi, naye ni mzee mwaminifu, asimama na kusema, "Huyu kijana na marehemu ni wa mlango mmoja." Karani aandika, "Kijana ni wa ukoo wa marehemu." Shauri limekwisha hapo, na shamba limekwenda. Lakini je, shahidi alisema nini? Labda alitaka kusema ya kwamba waliingia na kutoka kwa mlango mmoja miaka ishirini, walikula pamoja, kijana akamwuguza mzee. Hayo ni maneno ya wema, si maneno ya nasaba.

Mahali ambapo mirathi hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, tofauti hiyo ndiyo shauri lenyewe. Mtoto wa kulea harithi kwa sababu ya kulelewa. Yule wa mbali, akithibitika kuwa ni mtoto wa ndugu wa kiume wa marehemu kwa baba, ni asaba, naye huchukua kilichobaki baada ya wenye mafungu yao. Kijana aweza kupata kwa wasia, ikiwa marehemu alimwusia, nao wasia haupiti theluthi ya mali ila warithi wakiridhia. Wengine wataona ya kuwa hukumu hiyo ni ngumu kwa kijana aliyefanya kazi ya kumwuguza mzee. Mimi pia naiona ngumu. Lakini ugumu huo ulikuwa wa kutengenezwa na marehemu alipokuwa hai, kwa kuandika wasia mbele ya mashahidi. Si kazi ya karani kuutengeneza kwa kukosea neno.

Kwa hiyo mwenye kusikiliza shauri asikubali neno mlango lipite hivi hivi. Amwulize shahidi, "Mlango huo mzee wake ni nani? Marehemu alimpataje mzee huyo, kwa baba au kwa mama? Na huyu mdai alimpataje?" Majina yatajwe moja moja mpaka mistari miwili ikutane kwa babu mmoja, au ishindwe kukutana. Kadhalika neno ndugu. Ndugu wa tumbo moja ni wa mama mmoja. Akiwa mama tu ndiye waliyeshirikiana, fungu lake katika sheria ni jingine kabisa na la ndugu wa baba mmoja. Na ndugu wa ziwa moja, yaani walionyonya kwa mwanamke mmoja, hawaoani, lakini kwa kunyonya huko hawarithiani. Tumbo, ziwa, mlango, nyumba: yote ni maneno mazuri ya Kiswahili, na kila moja lagawa mali kwa njia yake. Karani aandike neno lenyewe alilolitamka shahidi, ndipo aandike maelezo yake, asitie tafsiri mahali pa ushahidi.

Katika kazi za serikali neno hili halikutukalia sana sisi, lakini kwa wengine limekaa. Wazulu huita idara ya serikali umnyango. Idara ya elimu ni mlango wa elimu. Waturuki wa zamani nao, serikali yao iliitwa kwa jina la lango la ofisi za waziri mkuu wao, Mlango Mtukufu, na mabalozi wa Ulaya waliandika hivyo katika barua zao mpaka dola hiyo ilipokwisha mwaka 1922. Sisi tumelipa neno kazi mbaya zaidi: tukisema mtu amepata kazi kwa mlango wa nyuma, kila mtu aelewa kuwa alipita pasipo haki.

Katika vitabu, mlango ni sehemu ya maandiko, na vitabu vingi vya zamani vya Kiswahili viliandika Mlango wa Kwanza, Mlango wa Pili, pale ambapo leo huandikwa Sura. Waarabu pia huita sehemu ya kitabu bab. Msomaji huingia humo kama aingiavyo chumbani.

Waalimu wa elimu ya viumbe wafundisha milango mitano ya fahamu, nayo ni macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Mwanafunzi mmoja aweza kuuliza kwa nini ngozi iitwe mlango na haina tundu la kuonekana. Ajibiwe kwamba habari za joto, baridi na maumivu hupita hapo kuelekea akilini, na penye kupita ni mlango. Jibu hilo lamtosha.

Iliyobaki ni habari ya uhai, nayo nawaomba waume waisome pamoja na wake zao, wala wasione haya.

Tumbo la uzazi la mwanamke lina mfano wa chupa iliyopinduliwa, na sehemu yake nyembamba ya chini huitwa na waganga wa hospitali mlango wa kizazi. Hapo ndipo mtoto apitapo atokapo. Mwanamke awapo na mimba mlango huo hukaa umefungika. Uchungu ukianza hufunguka kidogo kidogo, na mkunga huupima mpaka ufike sentimita 10, ndipo mtoto aweza kupita. Hapa tena mlango ni uwazi wala si kitu kingine, na mwenye kuushika msingi wetu wa kwanza hatataabika kuelewa.

Lakini sehemu hiyo hiyo huitwa pia shingo ya kizazi, kwa kuwa umbo lake ni kama shingo ya chupa. Ndiyo sababu tangazo moja husema saratani ya mlango wa kizazi na jingine husema saratani ya shingo ya kizazi, na watu hudhani ni maradhi mawili. Ni maradhi mamoja. Mwanamke aliyepimwa hii asidhani kuwa imembakia ile, na aliyesikia tangazo la ile asiseme halimhusu. Katika Tanzania saratani hii ndiyo yenye kuua wanawake wengi kuliko saratani nyingine. Hutoka kwa virusi viitwavyo HPV, ambavyo hupitishwa kwa kujamiiana, nayo huchukua miaka mingi tangu virusi kuingia hata saratani kutokea. Miaka hiyo ndiyo nafasi ya kuokoka. Mganga au mkunga huweza kuupaka mlango wa kizazi siki iliyopunguzwa makali, na penye dalili mbaya hugeuka weupe. Palipogeuka huweza kutibiwa mapema, kabla saratani haijawa. Shirika la Afya la Dunia lashauri wanawake waanze kupimwa wakifika miaka 30, na wenye virusi vya UKIMWI waanze miaka 25.

Tena iko chanjo. Rwanda ilitangulia Afrika yote kuitoa kwa nchi nzima mwaka 2011. Tanzania ilifuata mwaka 2018, ikianza na wasichana wa miaka 14, na Kenya mwaka 2019, ikianza na wa miaka 10. Tangu mwaka 2024 Tanzania hutoa sindano moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hata 14. Na hapa neno letu lilifanya kazi mbaya. Watu wakisikia "chanjo ya mlango wa kizazi," na katika Kiswahili kufunga kizazi ni kumzuia mtu asizae tena, wengine waliunganisha mlango na kufunga, wakasema chanjo hiyo huwafunga binti zao. Si kweli. Chanjo haigusi mlango wa kizazi wala haifungi kitu. Huchomwa begani, nayo hufundisha damu kuvipinga virusi. Mwalimu atakayepeleka barua kwa wazazi aandike hivi: "chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi," maneno yote, asikate hata moja. Neno "kuzuia" likikaa karibu na "saratani," mzazi ataona ni kipi kinachozuiwa.